Huang Nai: Alipoteza macho, akawapa Wachina wasioona herufi za kusoma kwa vidole

Kabla sijaacha chuo, kulikuwa na jamaa darasani kwetu asiyeona. Tulikuwa tunakaa naye nyuma, karibu na ukuta wenye soketi ya kuchajia simu. Mhadhiri akigawa karatasi za maelezo, yeye pia alikuwa anapewa yake. Karatasi laini kabisa, haina hata nundu moja. Anaikunja vizuri, anaiweka kwa begi, na kazi ya kumsomea jioni inakuwa yetu sisi marafiki zake. Mara nyingi tulisahau. Wacha niseme ukweli: mara nyingine hatukusahau, tulikuwa tu tumeenda zetu.

Siku moja nikamuuliza, na ujinga wangu wote wa mtu anayeona, kwa nini bado anahangaika na breli wakati simu yake inaweza kumsomea chochote kwa sauti. Hakukasirika. Aliniuliza kama mimi ningekubali maisha yangu yote niwe nasimuliwa vitabu, nisiwahi kuona neno limeandikwaje, nisijue jina langu lina herufi gani mwishoni. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Ndiyo maana nilipokutana na stori ya Huang Nai sikuiacha. Ukiuliza kuhusu watu waliopigania haki za walemavu China, jina la kwanza utakalotajiwa ni Deng Pufang, mtoto wa Deng Xiaoping, yule aliyevunjika mgongo mwaka 1968 baada ya kuanguka kutoka kwenye jengo la Chuo Kikuu cha Peking wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, akabaki kwenye kiti cha magurudumu. Huyo dunia inamjua. Lakini zaidi ya miaka 30 kabla ya Deng Pufang kuongoza shirikisho la walemavu la nchi hiyo, kulikuwa na mwanasiasa mwingine, yeye pia mtoto wa mtu mkubwa, aliyekuwa ofisini Beijing akipanga nukta 6. Huyo ndiye Huang Nai.

Tuanzie kwa mzee wake, kwa sababu bila mzee huelewi mtoto.

Baba yake aliitwa Huang Xing, mzaliwa wa mkoa wa Hunan. Huko China hilo ni jina la kwenye vitabu vya historia shuleni. Pamoja na Sun Yat-sen, ndio walioongoza harakati zilizouangusha utawala wa wafalme mwaka 1911. Sun alikuwa mtu wa mawazo na wa kuchangisha pesa ng'ambo, Huang Xing akawa mtu wa bunduki. Aprili 27, 1911 aliongoza kundi la vijana kuvamia ofisi ya gavana mkuu mjini Guangzhou. Mambo yalienda vibaya sana. Vijana wengi walikufa, na yeye mwenyewe akapigwa risasi mkono wa kulia, akapoteza vidole viwili. Tangu hapo wengine walimwita jenerali wa vidole vinane.

Aliyemtorosha mpaka Hong Kong na kumuuguza alikuwa mwanamapinduzi mwenzake, mjane anayeitwa Xu Zonghan. Hospitali ilitaka mtu wa familia atie sahihi ndipo daktari afanye upasuaji wa vidole. Xu akatia sahihi kama mke wa mgonjwa. Hakuwa mke wake wakati huo. Baadaye akawa. Huang Xing alikuwa na mke mwingine nyumbani tayari, lakini hayo ya familia tuwaachie wenyewe.

Jamhuri ilitangazwa Januari 1912 na Huang Xing akawa waziri wa jeshi. Hakuifaidi sana. Rais aliyefuata, Yuan Shikai, aligeuka akataka kujifanya mfalme, na Huang Xing akaishia kukimbilia ng'ambo. Oktoba 31, 1916 alifariki mjini Shanghai akiwa na umri wa miaka 42 tu. Xu Zonghan alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa mwaka uliofuata, 1917, hajawahi kuisikia sauti ya babake.

Sasa sikia majina. Huang Xing alikuwa na mpango wake wa kuwapa wanawe majina: mmoja aliitwa Yiou, ambapo "Ou" ni Ulaya. Mwingine Yizhong, "Zhong" ikiwa China. Wa tatu Yimei, "Mei" ya Marekani. Huyu kitinda mimba akaitwa Yiqiu, na "qiu" ni dunia nzima, tufe. Jina la Huang Nai alikuja kulitumia baadaye. Lakini neno "qiu" kwa Kichina pia ni mpira, ule ule wa miguu. Na mpira ndio uliomtoa jicho la kwanza. Akiwa bado mwanafunzi, katika mechi ya shule, aligongwa jicho la kulia na jicho hilo likapotea.

Kama umewahi kucheza mpira kwa uwanja wa vumbi unajua vile hiyo kitu hutokea haraka. Sekunde moja tu, na watu wanaendelea kucheza. Kijana akabaki na jicho moja.

Kwa jicho hilo moja alisoma sana, pengine kupita kiasi. Alienda Japani kusoma, na huko akaingia kwenye duru za wanafunzi wa mrengo wa kushoto. Kijapani alikielewa vizuri. Vita kati ya Japani na China vilipolipuka Julai 1937, mtu mwenye ujuzi kama huo alikuwa na thamani kubwa. Alielekea Yan'an, mji wa milimani kaskazini mwa China ambako Chama cha Kikomunisti kilikuwa na makao yake, watu wakiishi kwenye mapango yaliyochimbwa kwenye udongo. Kazi yake huko ilihusu Japani: kusoma magazeti na nyaraka za adui, kuchambua, kuandika. Hapo hapo Yan'an palikuwa na shule ya wanajeshi wa Kijapani waliotekwa, iliyofunguliwa rasmi 1941, kwa hivyo usidhani ilikuwa kazi ya pembeni. Vita havikuwa vya risasi peke yake. Kulikuwa pia na vita vya kugeuza mawazo ya adui.

Hebu tafakari kidogo. Baba alikuwa shujaa wa chama cha Kuomintang, kile kile ambacho wakati huo kilikuwa kinapimana nguvu na wakomunisti. Mtoto akavuka upande. Angeweza kukaa Shanghai au Hong Kong ale jina la baba maisha yake yote, na hakuna mtu angemlaumu. Mimi najua watoto wa wakubwa wa hapa kwetu ambao hawajawahi kuvuka hata barabara bila dereva.

Lakini jicho lililobaki lilikuwa linachoka. Kusoma maandishi madogo usiku kwa taa hafifu, miaka nenda miaka rudi, hakumsaidii mtu mwenye jicho moja. Karibu na wakati Mao Zedong anatangaza Jamhuri ya Watu wa China, Oktoba 1949, jicho la kushoto nalo lilikuwa linaondoka. Madaktari walishindwa. Huang Nai, akiwa na miaka 30 na kitu, mtu ambaye riziki yake yote ilikuwa kusoma na kuandika, akawa haoni kabisa.

Hapo ndipo wengi wetu stori ingeishia. China ya wakati huo, mtu asiyeona alikuwa na kazi chache za kuchagua: kupiga ramli, kuimba na kusimulia hadithi sokoni, kukanda watu misuli, au kuombaomba. Shule za wasioona na viziwi nchi nzima zilikuwa 40 na kitu, wanafunzi hata 3,000 hawafiki, katika nchi yenye mamia ya mamilioni ya watu. Nyingi zilianzishwa na wamishonari. Na hata zile shule zilikuwa na tatizo ambalo Huang Nai aligundua mara tu alipoanza kujifunza kusoma upya, kwa vidole.

Tatizo lenyewe tulieleze polepole kwa sababu ndilo roho ya stori hii.

Breli, au nukta nundu kama wanavyoiita majirani zetu Watanzania, ilibuniwa na kijana Mfaransa, Louis Braille, aliyeumia jicho akiwa na miaka 3 kwenye karakana ya babake. Kisanduku kimoja kina nafasi ya nukta 6, na ukizipanga kwa njia tofauti unapata alama 63. Kwa Kiswahili hiyo ni mteremko. Tuna herufi chache, kila moja ina sauti yake, "ba" ni b na a, basi. Mtoto wa Thika, kwenye ile shule ya wasioona iliyoanzishwa 1946, akishajua alama zake anasoma chochote.

Kichina je? Hakina herufi. Kina michoro, na kila mchoro ni neno au kipande cha neno. Ili usome gazeti unahitaji kujua kama 3,000 hivi. Alama 63 zitatoshaje? Hazitoshi. Kwa hivyo breli ya Kichina lazima iache michoro na iandike sauti. Swali linakuwa: sauti za nani? Mtu wa Beijing na mtu wa Guangzhou wakisoma mchoro mmoja, kila mmoja anatamka kivyake, mpaka wanaweza wasielewane kabisa. Wenye macho wanaunganishwa na maandishi. Asiyeona alikuwa hana hata hicho cha kumuunganisha.

Miaka ya 1870, Mskoti aliyeitwa William Hill Murray, ambaye yeye mwenyewe alipoteza mkono mmoja kwenye mashine ya mbao akiwa kijana, alikuwa anauza Biblia Beijing na akatunga mfumo wake. Alihesabu silabi 408 za Kichina cha Beijing, akazipa namba, halafu namba hizo zikaandikwa kwa nukta. Maana yake unasoma namba, kisha unakumbuka hiyo namba ni silabi gani. Watu waliweza, na heshima kwao, lakini si mchezo. Nanjing na maeneo yale walikuwa na mfumo mwingine. Kusini walikuwa na yao kulingana na lugha zao. Ukisoma shule ya mji huu, kitabu cha mji ule kwako ni karatasi yenye vipele tu.

Huang Nai alikaa chini na haya yote. Mwaka 1952 alikuwa na mfumo mpya tayari: breli inayofuata matamshi ya Beijing, nchi nzima mfumo mmoja. Alama 18 za konsonanti za mwanzo wa silabi, alama 34 za sauti za mwisho, na 4 za toni. Jumla 56. Mwaka 1953 Wizara ya Elimu ikauidhinisha utumike kote nchini.

Ndani yake kuna ujanja ambao mimi niliupenda sana. Sauti za "g" na "j" alizipa alama moja. "K" na "q", alama moja. "H" na "x", alama moja. Unaweza kusema hapo amechanganya watu. La. Katika Kichina cha Beijing, "j" huja tu mbele ya irabu za aina ya "i", na "g" haiji hapo kamwe. Kwa hivyo kidole chako kikigusa alama, kinachofuata ndicho kinakuambia ni ipi. Ameokoa alama 3 bila kumpotezea msomaji chochote.

Jambo la pili ni nafasi. Maandishi ya kawaida ya Kichina hayatenganishi maneno, michoro inafuatana tu kama magari kwa foleni ya Thika Road. Breli ya Huang Nai ilitenganisha neno na neno kwa nafasi, ili kidole kijue wapi neno linaishia. Na hapa kuna kitu kitakushangaza: Pinyin, ile njia ya kuandika Kichina kwa herufi za Kirumi ambayo leo kila mtoto wa China hufundishwa na ambayo wanatumia kuchapa kwa simu, iliidhinishwa rasmi 1958. Breli ya Huang Nai iliidhinishwa miaka 5 kabla yake. Kwa hilo, wasioona ndio waliotangulia.

Mambo hayakuishia kwenye karatasi. Alipewa kazi wizarani kusimamia elimu ya wasioona na viziwi. Chama cha ustawi wa wasioona kikaanzishwa, na shirika la kuchapisha vitabu vya breli likaanza Beijing mwaka 1953. Mwaka uliofuata Huang Nai akaanzisha jarida la kila mwezi kwa breli. Kila mwezi, habari na makala, kwa watu ambao hadi wakati huo habari zao zilikuwa zile jirani ameamua kuwaambia. Hapo niliwaza zile karatasi laini kwa begi la rafiki yangu.

Pia alikuwa mwanasiasa, tusisahau. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti tangu enzi za vita, akaja kuwa mjumbe wa Baraza la Mashauriano ya Kisiasa la Umma wa China. Na hapa lazima niseme kitu ambacho waandishi wa wasifu wa watu wakubwa hukiruka. Jina lilimsaidia. Alikuwa mtoto wa Huang Xing na mkongwe wa Yan'an. Aliposema wasioona wanahitaji mfumo mmoja wa kusoma, wakubwa walimsikiliza. Katika ile China ya 1952 lazima kulikuwa na mtu kijijini, hana jina, amepoteza macho kwa ugonjwa, mwerevu kama Huang Nai au kumzidi, na hakuna mlango hata mmoja ungefunguliwa akibisha. Isitoshe, vyama hivyo vyote vilikuwa vya serikali. Hakuna aliyekuwa anaandamana barabarani na mabango kudai haki. Ukitaka kumpima kwa kipimo cha mwanaharakati wa leo, hatatoshea.

Lakini nafasi aliyopata aliitumia kwa nini? Hapo ndipo namkubali. Hakuitumia kuomba watu wawahurumie vipofu. Aliwapa kifaa. Huruma ya mtu hutegemea ameamkaje siku hiyo, mimi mwenyewe ni shahidi. Herufi ukishazijua hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa twende kwa sehemu inayonivutia zaidi, na ambayo haiishii kwa ushindi.

Mfumo wa 1952 ulikuwa na shimo. Kama umewahi kujaribu Kichina, hata masomo mawili matatu, unajua kuhusu toni. Silabi moja ukiipandisha sauti ni neno moja, ukiishusha ni lingine. "Mai" kwa toni ya kushuka kisha kupanda ni kununua. "Mai" kwa toni ya kushuka ni kuuza. "Wen" ya kushuka ni kuuliza, ile ya kushuka kisha kupanda ni kubusu. Fikiria unampelekea msichana ujumbe kwamba unataka kumuuliza kitu.

Alama za toni zilikuwepo kwenye mfumo, zile 4. Lakini kuandika kila silabi kwa visanduku vitatu, cha mwanzo, cha mwisho na cha toni, ni kazi ndefu. Anayeandika kwa mkono hutumia kibao na kalamu ya kutobolea, anatoboa nukta moja moja kutoka kulia kwenda kushoto, ili akigeuza karatasi zisomeke upande wa pili. Vitabu vya breli vyenyewe ni vinene vibaya sana. Kwa hivyo toni ziliachwa, zikaandikwa tu pale pangeleta utata mkubwa. Matokeo yake, msomaji alikuwa anakisia. Anasoma "mai", anaendelea na sentensi, anagundua mbele kwamba mtu alikuwa anauza, anarudi. Kwa stori nyepesi unavumilia. Kwa kitabu cha sayansi, au maandishi ya zamani, au majina ya watu, inakuwa noma. Mwenye macho hakisii, mchoro wa kununua na wa kuuza ni tofauti. Maana yake asiyeona bado alikuwa anapewa lugha nusu.

Huang Nai aliliona hilo, na angeweza kunyamaza. Alikuwa ameshaitwa baba wa breli ya China. Ni watu wangapi unaowajua ambao wakishaitwa baba wa kitu watasimama waseme kitu chenyewe hakijakamilika? Mwaka 1975, akiwa na miaka 58, alianza kazi upya. Mfumo wa pili uliitwa, kwa maana, breli ya viunganisho viwili. Kila silabi visanduku viwili tu, hakuna zaidi. Cha kwanza kinabeba konsonanti pamoja na sauti ndogo ya katikati, cha pili kinabeba sauti ya mwisho pamoja na toni yake. Toni iko ndani, haiwezi kusahauliwa, na urefu hauongezeki. Kwa hesabu, ni mfumo bora. Miaka iliyofuata serikali iliridhia ujaribiwe na usambazwe.

Ukakwama. Si kwamba ulikuwa mbaya. Kwanza ulikuwa mgumu zaidi kujifunza, alama nyingi za kukariri, na mtu aliyepoteza macho ukubwani hana muda wa kuchezea. Lakini kikubwa ni kwamba kulikuwa tayari na kizazi kizima kilichosoma kwa mfumo wa 1952. Walimu waliujua huo. Vitabu kwenye maktaba vilikuwa vya huo. Mzee wa miaka 50 aliyesota kujifunza breli mara moja, unamwambiaje aanze tena? Vidole vyake vimeshazoea. Kwa muda, shule zingine zilifundisha huu na zingine ule, na ile shida ya zamani, ya kitabu cha mji mmoja kutosomeka mji mwingine, ikaanza kurudi. Kazi ya kwanza ya Huang Nai ndiyo iliyoiziba njia kazi yake ya pili.

Sidhani kuna kitu cha kuuma zaidi kwa mtu anayebuni vitu. Wenye mfumo wa zamani hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa wanalinda kitu ambacho yeye mwenyewe aliwapa.

Wakati hayo yakiendelea, nchi ilikuwa inabadilika. Sensa ya sampuli ya 1987 ilikadiria kwamba China ilikuwa na walemavu zaidi ya milioni 51. Deng Pufang na wenzake wakaunda Shirikisho la Walemavu la China mwaka 1988. Hata neno likabadilishwa: lile la zamani, "canfei", lilibeba ndani yake maana ya kitu kilichoharibika kisicho na kazi, na taratibu likaachwa kwa "canji". Sheria ya kulinda walemavu ilipitishwa Desemba 1990 ikaanza kutumika Mei 1991. Kila mahali kelele zilikuwa za viti vya magurudumu, ajira, michezo. Mzee Huang aliendelea na nukta zake. Alifariki Beijing mwaka 2004, umri wa miaka 87, mara mbili na zaidi ya miaka aliyoishi babake.

Kwetu hapa Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema serikali itakuza matumizi ya lugha ya ishara na breli. Imeandikwa kabisa. Nimeisoma mara kadhaa nikikumbuka zile karatasi za darasani. Chuo chenyewe sikitaji.

Kuhusu mifumo miwili ya Huang Nai, suala hilo lilikuja kuamuliwa yeye akiwa hayupo. Julai 1, 2018 China ilianza kutumia breli ya taifa iliyofanyiwa marekebisho. Wataalamu walichukua mfumo wake wa 1952, alama zile zile, na wakaweka sheria kwamba toni ziandikwe, pamoja na kanuni za lini inaruhusiwa kuziacha ili karatasi isijae. Ule wa pili, ule mzuri kwa hesabu, haukuchaguliwa. Lakini kile alichokuwa anakitafuta tangu 1975, kwamba kidole kikigusa "mai" kijue papo hapo kama mtu ananunua au anauza, kimeingia.

Jamaa yangu wa chuoni bado tunaongea. Nilimpigia nikamweleza haya yote, na kitu cha kwanza alichotaka kujua ni ile hadithi ya "g" na "j". Alinifanya nimtajie namba za nukta, moja moja, halafu nikasikia upande wa pili wa simu anazitoboa.